Haibridi: Hofu imekaa mlangoni, hatari imelala kwenye betri na kwenye dumu

LALAMIKO ni lile lile, liwe limetolewa Kigali, Mbarara au Bujumbura. Mtu amenunua gari la haibridi, yaani lile linalotumia injini ya petroli pamoja na mota ya umeme. Analiendesha miezi miwili mitatu bila tatizo, halafu kiangazi kinaingia na gari linaanza "kupiga shoti". Akishuka na kugusa mlango, cheche inamrukia kidoleni. Mkewe naye vivyo hivyo. Abiria wa nyuma anaguta. Jioni hiyo habari inazagaa mtaani kwamba betri kubwa inavuja umeme, na bei ya gari inaporomoka kabla fundi hajaliona.

Kwa watu wanaoishi kwa biashara ya mpakani, na kwa wale waliorejea nyumbani wakiwa na gari walilolinunua kwa jasho la miaka mingi, jambo hili si dogo. Magari ya haibridi yameingia kwa wingi katika ukanda wetu. Bei ya petroli imeyasukuma na sera za kodi nazo zimeyavuta. Rwanda ilipitisha mkakati wake wa usafiri wa umeme mwezi Aprili 2021 na kuondoa kodi kadhaa, na magari ya haibridi nayo yakanufaika. Uganda, Burundi na Zambia zilipokea yale ya Japani yanayoshushwa Mombasa na Dar es Salaam. Hivyo leo Prius au Aqua si ajabu tena katika foleni ya Rusumo, Kobero, Mutukula au Tunduma.

Swali ni je, gari hili linapiga shoti kweli? Jibu fupi ni kwamba anayepiga shoti ni mwenye gari mwenyewe. Lakini jibu hilo fupi limewafanya wengi wapumue mapema mno, kwa kuwa umeme wa hatari ndani ya magari haya upo kweli, ila hauko pale wanapouogopa.

Tuanze na cheche ya mlangoni. Wataalamu wanaiita umeme tuli, umeme unaozaliwa vitu viwili vinaposuguana na kuachana. Suruali ya polyesta ikisuguana na kiti cha kitambaa cha nailoni, chaji hujikusanya mwilini. Unaposhuka, mwili wako unaachana na kiti na chaji unabaki nayo wewe. Kama viatu vyako vina soli ya plastiki, haina njia ya kwenda ardhini. Ukigusa chuma cha mlango, yote inaruka kwa mara moja. Binadamu huanza kuisikia cheche ya namna hiyo inapofika kama volti 3,000, na kushuka tu kwenye kiti kunaweza kuufikisha mwili volti 10,000 au zaidi.

Jambo hilo hutokea kwenye gari lolote. Hutokea kwenye Corolla ya mwaka 1990, kwenye basi, hata kwenye kiti cha ofisini. Tofauti ni kwamba mwenye Corolla husema "nimepigwa na shoti" akacheka, wakati mwenye haibridi anafikiria betri iliyo nyuma ya mgongo wake.

Lipo jambo jingine linalowachanganya wafanyabiashara wetu hasa. Gari linanunuliwa pwani na linatumika bara. Hewa ya Dar es Salaam au Mombasa ina unyevu mwingi, na unyevu huo hutengeneza utando mwembamba juu ya nguo na viti ambao huipunguza chaji polepole bila mtu kujua. Gari lile lile lililokaa kimya Ilala litaanza kurusha cheche likifika Kayonza au Ngozi mwezi wa saba, wakati hewa ya nyanda za juu imekauka na watu wamevaa sweta na jaketi za mitumba. Mnunuzi anaamini amedanganywa, na muuzaji anaamini anasingiziwa. Hakuna aliyesema uongo.

Haki itendeke kwa wanaolalamika: kuna chembe ya ukweli katika tuhuma kwamba magari haya yana cheche zaidi. Ili yatumie mafuta kidogo, mengi hufungwa matairi mepesi kuviringika, na matairi hayo hutumia silika badala ya sehemu ya masizi meusi yaliyozoeleka kwenye mpira. Masizi hupitisha umeme, silika haipitishi. Viwanda vya matairi vinalijua hilo, na huweka ukanda mwembamba wa mpira unaopitisha umeme katikati ya tairi ili chaji ishuke barabarani. Wauza makava ya viti nao wana sehemu yao. Kava za kitambaa cha bandia zinazouzwa kila stendi huongeza msuguano kuliko kiti chenyewe.

Kujua kama ni gari au ni wewe hakuhitaji mashine. Fungua mlango ukiwa bado umeketi, shika chuma cha fremu ya mlango kwa mkono mzima, kisha shuka bila kuachia hadi mguu ukanyage ardhi. Chaji itashuka taratibu kupitia kiganja na hutasikia kitu. Sasa fikiri: kama kweli betri ingekuwa inavujisha umeme kwenye bodi, kushika chuma kwa mkono mzima huku mguu uko ardhini kungekuwa kubaya kuliko kugusa kwa ncha ya kidole. Cheche ya umeme tuli huja mara moja, ikaisha. Ukigusa tena mlango ule ule, hakuna kitu. Umeme wa betri haufanyi adabu ya namna hiyo.

Vile vimkia vya mpira vinavyoning'inizwa nyuma ya gari na kuburuza barabarani, ambavyo vinauzwa kama dawa ya tatizo hili, vinasaidia kidogo sana. Minyororo ya malori ya zamani ya mafuta iliwekwa kuondoa chaji kwenye gari. Chaji inayokupiga wewe iko mwilini mwako.

Betri yenyewe ya haibridi haikuunganishwa na bodi kabisa. Katika gari la kawaida betri ya volti 12 hutumia bodi kama waya wa hasi, na ndiyo maana fundi akigusisha spana kwenye chanya na bodi cheche huruka. Betri kubwa ya haibridi haiko hivyo. Chanya na hasi zake zote mbili zimetengwa na bodi na kupitishwa kwenye nyaya zenye rangi ya machungwa. Ili umeme huo umfikie mtu anayegusa mlango, lazima utengano uharibike, na si upande mmoja tu bali uweze kupata njia ya kurudi upande wa pili. Kompyuta ya gari hupima utengano huo wakati wote. Ukipungua, taa ya tahadhari huwaka, na mara nyingi gari likizimwa halikubali tena kuwaka na kuonyesha READY. Kwa hiyo gari linalorusha cheche mlangoni lakini halina taa yoyote kwenye dashibodi, na linawaka kila asubuhi, halina shida ya betri.

Wapo watakaouliza inawezekanaje volti 10,000 zisidhuru na volti 200 ziue. Kijiko cha maji kikidondoka kutoka kileleni mwa milima ya Mulenge kinatoka juu sana, lakini hakimzamishi mtu. Mto Ruzizi ukishuka mita moja tu humchukua mtu na ng'ombe wake. Volti ni kimo cha maji kinapoanzia; wingi wa maji ni jambo jingine. Cheche ya mlangoni ni kijiko, na betri ya haibridi ni mto.

Hata hivyo kijiko hicho kina mahali ambapo si mzaha tena, nako ni pale penye petroli.

Mvuke wa petroli ukichanganyika na hewa kwa kiwango kinachofaa huwashwa na cheche dogo mno, la nguvu ndogo kuliko ile unayoisikia kidoleni. Maana yake, cheche yoyote ya umeme tuli unayoweza kuisikia inatosha na kubaki. Petroli hutoa mvuke unaoweza kuwaka hata kwenye baridi kali iliyo chini ya barafu, sembuse jua la Bujumbura. Dizeli ina afadhali, kwani huhitaji joto la zaidi ya nyuzi 50 kabla mvuke wake haujawa wa kuwaka.

Taasisi ya Petroleum Equipment Institute ya Marekani ilikusanya kwa miaka mingi, tangu miaka ya 1990, taarifa za moto kwenye vituo vya mafuta uliohusishwa na umeme tuli, na zilipita 150. Picha iliyojitokeza ni moja. Mtu anaanza kujaza mafuta, anarudi kuketi ndani ya gari kwa sababu ya baridi au kutafuta pesa, anasuguana na kiti, anatoka na kwenda moja kwa moja kushika mkono wa pampu bila kugusa chuma kingine. Cheche inarukia penye mvuke. Kwa bahati njema huku kwetu anayejaza mafuta kwa kawaida ni mhudumu wa kituo, naye haingii wala kutoka ndani ya gari. Simu ya mkononi, ambayo kila kituo kimeweka bango la kuikataza, taasisi hiyo haikuipata na hatia katika moto huo.

Lakini sisi tuna dumu. Burundi imepita miaka ya uhaba mkubwa wa mafuta tangu 2021, na mwaka 2024 wakazi wa Bujumbura walikuwa wakivuka hadi Uvira kutafuta petroli. Mahali bei inapotofautiana pande mbili za mpaka, dumu la lita 20 huvuka. Hilo kila mtu analijua, na gazeti halina haja ya kujifanya limeligundua leo. Linalofaa kusemwa ni namna dumu hilo linavyojazwa. Mara nyingi halishushwi. Linabaki ndani ya buti juu ya zulia, au nyuma ya pikapu lenye sakafu ya plastiki, na bomba la pampu linaletwa juu yake. Mwaka 1998 taasisi ya Marekani inayoshughulikia usalama kazini, NIOSH, ilitoa tahadhari juu ya tabia hii hii baada ya watu kuungua. Petroli inapopita kwenye bomba na kumwagika ndani ya chombo hujizalishia chaji yenyewe, kwa msuguano ule ule wa suruali na kiti. Dumu likiwa ardhini chaji hupata pa kwenda. Likiwa juu ya zulia au plastiki, chaji hubaki na kujikusanya, na chuma cha bomba kinapokaribia mdomo wa dumu, cheche huruka mahali penye mvuke mzito kuliko pengine pote.

Dawa haina gharama. Dumu lishushwe chini, mdomo wa bomba uguse mdomo wa dumu tangu mwanzo hadi mwisho, mafuta yaende polepole, na mtu aguse chuma cha gari mbali na dumu kabla hajalifungua. Faneli ya plastiki katikati ya bomba na dumu huharibu mpango wote huo, kwani huvunja mguso.

Nani asiyekumbuka Sange? Tarehe 2 Julai 2010 lori la mafuta lilipinduka katika mji huo mdogo ulio kwenye barabara ya Uvira kwenda Bukavu, watu wakakusanyika, moto ukawaka, na zaidi ya watu 200 wakafa. Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, mambo yakawa vile vile na waliokufa walipita 100. Misiba hiyo haikuletwa na umeme tuli wa mlangoni, na haibridi hazikuhusika. Naitaja kwa sababu moja tu: petroli iliyo wazi haichagui chanzo cha moto, na watu wa njia hiyo wanalijua hilo kuliko mwandishi yeyote.

Hapa haibridi inaingia tena kwa mlango wa nyuma. Wengi wameinunua kwa sababu ya uhaba wa mafuta, na kwa sababu hiyo hiyo wanaweka dumu la akiba ndani yake. Katika Prius betri kubwa iko nyuma ya kiti cha abiria, chini ya sakafu ya buti. Katika Aqua iko chini ya kiti cha nyuma chenyewe. Betri hizo hupozwa na feni inayovuta hewa kutoka ndani ya gari, kupitia tundu lililo pembeni mwa kiti cha nyuma. Dumu linalovuja ndani ya gari la namna hiyo linatoa mvuke unaovutwa na feni na kupitishwa juu ya betri ya volti 200. Sihitaji kusema zaidi.

Tundu hilo hilo ndilo linaloziua betri nyingi kabla ya wakati wake. Mfanyabiashara anapanga magunia, marobota ya nguo na katoni hadi juu, analiziba tundu, na vumbi la barabara linajaza kichujio. Betri inachemka kimya kimya. Gari linapoanza kuonyesha taa ya pembetatu nyekundu, mwenye gari anaambiwa betri "imekufa", na anapelekwa gereji.

Gereji ndipo mahali pa hatari ya kweli.

Prius iliyoanza kuuzwa mwaka 2003, na ile iliyofuata mwaka 2009, zina betri ya vipande 28, kila kimoja volti 7.2, jumla volti 201.6. Aqua iliyotoka Desemba 2011 ina vipande 20, jumla volti 144. Kabla ya kufika kwenye mota, invata huupandisha umeme huo hadi volti 500 na zaidi. Kwenye Prius ya 2009 hufika 650. Betri ya nyumbani ya sola ni volti 12. Umeme wa ukutani kwetu ni volti 220 hadi 240, na kila mtu anajua unavyoua. Betri ya haibridi ni umeme wa mkondo mmoja, ambao haupigi na kuachia. Huweza kuibana misuli ya mkono isiweze kujitoa.

Kinachowaponza mafundi ni neno "imekufa". Betri ya vipande 28 ambayo vipande viwili vimeharibika bado ina vipande 26 vizima. Gari haliwezi kutembea, lakini ndani ya sanduku bado kuna volti zinazokaribia 200, zenye nguvu ile ile ya mwanzo. Betri iliyokufa kwa gari haijafa kwa binadamu. Fundi aliyekua akifungua betri za volti 12 kwa mikono mitupu analifungua sanduku hili kwa mazoea yale yale, akiwa na pete kidoleni, saa ya chuma mkononi, na spana ndefu. Spana ikidondoka na kugusa vipande viwili vilivyo mbali, huyeyuka hapo hapo na kurusha chuma cha moto usoni.

Yapo mambo ambayo kiwanda kimeyaweka kumlinda, na fundi mwenye akili huyatumia. Ipo plagi ya kukatia umeme, yenye mshikio wa rangi ya machungwa, ambayo huchomolewa baada ya gari kuzimwa, ufunguo kuwekwa mbali na betri ndogo ya volti 12 kutolewa. Baada ya hapo mtu husubiri, na kwa Prius ya 2009 Toyota inaagiza dakika zisizopungua 10, kwa sababu ndani ya invata kuna kapasita zinazotunza umeme hata baada ya kukatwa. Kisha hupima kwa mita kabla ya kugusa. Mtu huvaa glavu za mpira zilizotengenezwa kwa kazi ya umeme wa volti 1,000. Glavu za kuoshea vyombo si hizo. Kila asubuhi hukunja glavu kuanzia mkononi ili hewa ibaki ndani, na kusikiliza kama inavuja. Tundu la sindano linatosha kumfanya mtu awe hana glavu.

Hata hivyo plagi ikitolewa, umeme unakatwa nje ya sanduku tu. Ndani, vipande vimebaki vimeunganishwa katika mafungu, na kila fungu lina volti zake. Hilo watu wengi hawaambiwi. Majimaji ya ndani ya betri za nikeli nayo ni magadi makali yanayokula ngozi na macho, tofauti na asidi waliyoizoea, lakini si laini kuliko asidi. Magari ya Hyundai na Kia kutoka Korea, ambayo soko la Rwanda linayapenda kwa kuwa yana usukani wa kushoto, mengi yana betri za lithiamu, na hizo zikitobolewa au kupigwa shoti huwaka moto usiozimika kirahisi.

Umeibuka pia ufundi wa kubadilisha kipande kimoja au viwili vibovu kwa vingine vilivyotumika, na kuuza betri kama iliyofanyiwa ukarabati. Sisemi ni wizi. Ni nafuu kwa mtu asiye na uwezo wa betri mpya, na baadhi ya mafundi wanaifanya vizuri kwa kupima kila kipande. Ila kipande kipya kati ya vipande vizee hakidumu, sanduku linafunguliwa tena baada ya miezi, na kila kufunguliwa ni bahati nasibu nyingine kwa mkono wa fundi. Mchezo mbaya zaidi ni wa kufuta taa. Kwa mashine ndogo ya kusomea hitilafu, taa ya tahadhari huzimwa dakika tano kabla mnunuzi hajafika. Kama hitilafu iliyofutwa ni ile ya utengano wa umeme na bodi, aliyeifuta ameondoa mlinzi pekee aliyebaki. Mnunuzi aliendeshe gari nusu saa nzima, alizime, aliwashe tena, na asikubali kuoneshwa gari lililokwisha washwa.

Waosha magari nao wakumbukwe, kwa sababu mashine ya maji ya kasi iliyoelekezwa kwenye injini inayameza maji mahali ambapo nyaya za machungwa zinaingia kwenye invata. Na wanaokimbilia kuokoa watu kwenye ajali wajue kwamba haibridi iliyonyamaza inaweza kuwa bado imewaka; izimwe, ufunguo upelekwe mbali, na nyaya za machungwa zisikatwe wala kuvutwa. Mifuko ya hewa ikifumuka, mfumo hukata umeme wa betri kubwa wenyewe, jambo ambalo limeokoa wengi.

Serikali zetu zimelitazama gari hili kwa jicho la forodha zaidi. Kenya haipokei gari lililozidi miaka 8. Uganda iliweka ukomo wa miaka 15 mwaka 2018. Tanzania huacha gari lizeeke lakini humtoza mwenyewe zaidi. Rwanda, katika mwaka wa fedha wa 2025/26, ilirudisha VAT ya asilimia 18 kwa haibridi na kuweka ushuru wa bidhaa unaopanda kwa umri: asilimia 5 kwa gari changa, 10 kwa la umri wa kati, na 15 kwa lenye miaka 8 na kuendelea. Magari ya umeme mtupu yakabaki na msamaha wake.

Kwa hesabu za hazina, mpango huo unaeleweka. Kwa usalama, umri wa gari unasema machache. Aqua ya miaka 12 iliyoendeshwa na mwalimu mstaafu wa Nagoya inaweza kuwa na betri yenye afya kuliko Prius ya miaka 6 iliyofanya teksi, ikagongwa na kufunguliwa mara tatu. Msamaha wa 2021 ulileta magari. Magari hayo sasa yanazeeka mikononi mwetu, na mzigo wa kuyatengeneza umeangukia gereji ambazo hakuna aliyeziuliza kama zina glavu. Kama sehemu ndogo ya ushuru huo mpya ingeenda kwenye mafunzo ya mafundi na leseni maalumu ya kufungua betri kubwa, hoja ya usalama ingekuwa na uzito. Bila hivyo, ushuru ni ushuru.

Kuna jambo la mwisho ambalo wanunuzi wa mpakani hulikosa kwa sababu barua zake huandikwa kwa watu wengine. Viwanda hurudisha magari yenye kasoro. Mwezi Februari 2014 Toyota iliita Prius milioni 1.9 duniani kwa sababu programu ya invata ingeweza kusababisha sehemu zake kupata joto kupita kiasi. Septemba 2018 ikaita zaidi ya milioni moja, Prius na C-HR zilizotengenezwa kati ya Juni 2015 na Mei 2018, kwa sababu waya unaoingia kwenye kifaa cha kuongoza umeme ungeweza kusuguana na kifuniko chake, ukachubuka, ukapiga shoti na kuleta moto. Mwezi uliofuata ikaita nyingine milioni 2.4 za kati ya 2008 na 2014. Matengenezo hayo hufanywa bure. Lakini barua hutumwa kwa mmiliki aliyesajiliwa, na kama gari lilikwisha panda meli, barua inaishia Osaka.

Namba ya chasisi ndiyo inayojibu. Toyota ya Japani ina ukurasa kwenye intaneti ambapo namba hiyo huingizwa na majibu kutoka kama gari linadaiwa matengenezo, na muuzaji aliyeko Japani anaweza kulipeleka kwa wakala likafanyiwa kazi kabla ya kusafirishwa. Aulizwe pia karatasi ya mnada: alama ya R au RA ni gari lililowahi kugongwa na kutengenezwa, na gari lililozama maji huandikwa hivyo.

Kwa warejeaji, sheria ya forodha ya Afrika Mashariki humruhusu anayehamia nyumbani kuingiza gari moja bila ushuru, mradi awe amelimiliki na kulitumia huko aliko kwa miezi isiyopungua 12. Miezi hiyo 12 ni nafasi ambayo mfanyabiashara hana. Mwenye gari bado yuko kwenye nchi ambayo wakala wa kiwanda yupo, barua za kasoro zinamfikia kwa jina lake, na afya ya betri inaweza kupimwa na kuandikwa kwenye karatasi yenye muhuri. Karatasi hiyo ifungwe pamoja na kadi ya gari, kwa sababu siku atakapotaka kuliuza gari Huye au Gitega, mnunuzi wa kwanza atakayefungua mlango mwezi wa saba atarushiwa cheche.